Kizimba, mkanda wa kunyanyulia, koni na mengineyo: vifaa nilivyomuuguzia Bosco alipovunjika mguu

Jamani naandika ndefu kwa sababu najua anayetafuta habari hizi pengine saa hii mbwa wake yuko kwa daktari, kagongwa au kadondoka, na mwenyewe kachanganyikiwa hajui anunue nini aache nini. Kwa hiyo jibu kwanza, maelezo baadaye. Kama hela inatosha kitu kimoja tu nunua kizimba kizuri, ikibaki nunua mkanda wa kunyanyulia miguu ya nyuma wenye mpini mrefu, na kama sakafu yako inateleza tafuta mikeka ya mpira. Koni ya plastiki, ile anayovalishwa shingoni asilambe mshono, kliniki nyingi wanakupa wenyewe. Vingine vinaweza kusubiri na viwili vitatu usinunue kabisa, nitavitaja.

Mgonjwa wangu anaitwa Bosco, dume, kilo 24, ni wale mbwa ambao kutembea hawakujui, wanajua kukimbia tu. Alivunjika muundi wa mguu wa nyuma wa kushoto na haukukatika mara moja safi, ulipasuka, kwenye eksirei ukiangalia katikati ya mfupa unaona vipande vipande vimekaa ovyo. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa pleti, yani kibamba cha chuma, na skrubu upande wa ndani wa mguu, akarudi nyumbani na bandeji nene, koni, dawa na karatasi ya maelekezo yenye neno moja limepigiwa mstari: APUMZIKE.

Kabla sijafika kwenye vifaa lazima nieleze kinachoendelea mle ndani ya mguu, bila hivyo hutaelewa kwa nini kizimba nakipa nyota zote. Pleti haiponyeshi mfupa. Pleti inashikilia tu vipande visicheze wakati mwili wenyewe unafanya kazi, damu inaganda pale palipovunjika, halafu panaota nyama laini, halafu inakuwa gegedu, halafu pole pole ndo inageuka mfupa. Kwa mbwa mkubwa mwenye afya hiyo kazi inachukua kama wiki 8 mpaka 12, ukiwa umesagika inaweza kuzidi hapo, ila mtoto wa mbwa wa miezi michache anaweza kuunga ndani ya wiki 4 tu. Na muda wote huo chuma ndo kinachobeba mzigo, na chuma nacho kinachoka, kila akiruka kinapinda kidogo sana hata huoni kinarudi, kinapinda kinarudi, kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka unakatika. Kwa hiyo ni mbio, mfupa uwahi kuunga kabla pleti haijakatika au skrubu hazijalegea.

Sasa balaa ni kwamba maumivu yanaisha mapema mno. Mbwa aliyewekewa pleti vizuri anaanza kugusisha vidole chini siku chache tu baada ya upasuaji, wiki ya pili wengi wanakanyagia, wiki ya nne anajiona mzima kabisa na anataka kupaa, kumbe ndani mfupa bado mlaini. Hapo ndo penyewe. Siku za kwanza anauma, amelewa dawa, analala, yeyote anaweza kumuuguza. Kazi ni wiki zile za katikati. Basi kila kifaa mi nakipima kwa swali moja: kitanisaidia wiki ya nne huyu akitaka kuruka, au kinasaidia tu siku ya kwanza akiwa amelala? Vingi vinavyouzwa ni vya siku ya kwanza.

KIZIMBA. Chetu ni cha waya, cha kukunja, kina milango miwili, mmoja mbele mmoja ubavuni. Saizi ndo kila kitu. Asimame bila kuinamisha kichwa, ajigeuze, alale amenyooka miguu yote, basi, isizidi hapo. Watu wanaona huruma wananunua kikubwa sana, lakini kizimba akiweza kupiga hatua tatu ataziruka hizo hatua tatu. Na ukumbuke ana koni kichwani, koni inaongeza upana, kwa hiyo pima akiwa ameivaa la sivyo atakwama akigeuka.

Kitu ambacho maelezo ya dukani hayasemi ni ule mlango. Vizimba vingi vya waya vina kizingiti, ile nondo ya chini ambayo mbwa lazima ainue mguu apite, na kwa mbwa mzima ni kitu kidogo lakini kwa wa miguu mitatu mwenye koni ni shida, anasita, anaruka kwa pamoja, na ndo kuruka kwenyewe tusikokutaka. Mlango wa ubavuni wa hiki chetu uko chini zaidi na mkeka wa ndani unafika usawa wa kizingiti, anapita kama hakuna kitu. Hiyo peke yake ndo sababu namshauri mtu achukue cha milango miwili.

Ile trei ya plastiki ya chini inateleza vibaya. Mi nimetandika mkeka wa mpira kwanza, juu yake godoro la sponji ngumu lenye kava isiyopitisha maji. Nasisitiza ngumu. Yale magodoro manene laini yanayotangazwa ya wagonjwa, yanabonyea, mguu unazama, akitaka kusimama anajisukuma kwa nguvu kujitoa, nimemwona kwa macho yangu kwenye la jirani alilotuazima, nikalirudisha. Sponji ngumu ya kadiri inamlinda viwiko visichubuke na bado anasimama bila kuhangaika.

Kuna wanaotumia uzio wa kukunja, ule usio na paa. Kwa mbwa mpole au mzee sawa. Kwa mbwa kama Bosco hapana, maana akisikia mtu mlangoni anasimama na kuegemea ukuta kwa miguu ya mbele, na hapo uzito wote umeshukia miguu ya nyuma, tena ule uliovunjika. Na vile vya kitambaa vyenye zipu sivipendekezi kwa mtu yeyote mwenye mbwa mwenye kilo zaidi ya kumi, zipu inafunguka kwa pua na kitambaa kinachanika kwa kucha.

Pa kukiweka: penye watu. Sio stoo, sio chumba cha peke yake. Mbwa aliyefungiwa mbali anabweka, anakwaruza, anazunguka, yani pumziko lote linapotea. Chetu kilikaa sebuleni, mgongo wake ukutani, upande wa dirishani nikafunika shuka ili asione paka wanaopita. Akisikia sauti zetu analala. Wiki za katikati ndo nilikiona kazi yake, ule wakati anakuangalia kwa macho ya nipe tu dakika moja, na huna la kumpa, unakaa chini pembeni ya waya unamkuna shingo chini ya koni mpaka anapumua kwa nguvu na kujiachia. Inauma, nawaambia ukweli. Lakini nyota 5 kwa 5.

MKANDA WA KUNYANYULIA. Hapa kuna aina mbili na tofauti ni kubwa. Ya kwanza ni kitambaa kipana kinachopita chini ya tumbo chenye mishikio miwili, hata taulo refu linafanya kazi hiyo hiyo. Siku ya kwanza na ya pili kinatosha kabisa, usikimbilie kununua. Ubaya wake kinahama, akitembea kinasogea mbele mpaka mbavuni kinambana pumzi au kinarudi nyuma, na kwa dume kinakaa pale pale anapokojolea, kwa hiyo ama hakojoi ama kinalowa chote.

Aina ya pili inavaliwa, ina matundu ya miguu, inakaa kiunoni na mpini uko juu ya mgongo. Hii ndo niliyoinunua. Ya dume iwe imekatwa chini, uliza kabla hujalipa, kuna za kike zimefunika. Mpini wake urefushike, mi ni mrefu na ule mpini wa kawaida ulinitaka niiname, sasa wiki mbili za kuinama mara tano sita kwa siku mgongo utakuwa mgonjwa wa pili nyumbani. Kitambaa cha ndani ya paja kiwe laini kabisa bila mshono uliojitokeza, hapo ngozi ni nyororo na inachubuka haraka. Kila jioni naivua, naangalia mapajani kama pamekuwa pekundu, nafuta, napaacha papumue. Usiku asilale nayo.

Namna ya kuitumia, hapa daktari alinieleza vizuri sana: usimnyanyue. Mkanda ni wa kupunguza uzito na wa kumdaka akiteleza, sio wa kumbeba kama mzigo. Mfupa unahitaji mzigo kidogo ili ujue pa kujijenga, na misuli ikikaa bure inasinyaa ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo unashika mpini, unauacha uwe na mvutano mdogo, mkono mwingine umeshika kamba ya shingoni au kifuani, fupi, na mnaenda taratibu sana. Ukienda haraka ataukunja mguu juu na kurukia mitatu kwa sababu ndo rahisi kwake, ukienda pole pole kama mnasindikiza bibi ndo analazimika kuuweka chini. Angalia vidole. Mwanzo Bosco alikuwa anagusisha ncha za kucha tu, tik, anainua, tik, anainua, halafu siku ikaja nikaona vidole vinatanuka anapokanyaga, maana yake kuna uzito pale. Nilisimama katikati ya uwanja nikamsifia mpaka yeye mwenyewe akashangaa.

Mkanda huu wiki ya nne kazi yake inabadilika, hahitaji kushikiliwa tena lakini anahitaji breki. Mpini wa nyuma na kamba ya mbele kwa pamoja ndo vinamzuia asipige ile mruko wa ghafla akiona kitu. Kwa hiyo unatumika mpaka mwisho. Nyota 5 kwa 5 kwa mguu wa nyuma. Kama mbwa wako kavunjika mguu wa MBELE usiununue huu, tafuta wa kifuani wenye mpini juu ya mabega. Mbwa akisimama kama asilimia 60 ya uzito wake iko mbele, kwa hiyo mguu wa mbele ukiondoka anainamia mbele kabisa, kumshika kiunoni hakumsaidii chochote.

KONI. Najua hakuna anayeipenda. Lakini kwa muundi naomba usiwe na huruma. Upande wa ndani wa mguu pale hapana nyama, shika mguu wako mwenyewe mbele utaona ngozi na mfupa tu, na mbwa ni hivyo hivyo, na pleti iko hapo hapo chini. Akilamba mshono ukafunguka, uchafu wa mdomoni haupiti safari ndefu kufika kwenye chuma, na usaha ukishafika kwenye chuma ni hadithi nyingine kabisa, wakati mwingine mpaka pleti itolewe. Nyuzi huwa zinatolewa siku ya 10 mpaka ya 14, kabla ya hapo koni haivuliwi, na baada ya hapo muulize daktari kwanza.

Nimetumia ya plastiki ngumu na ya kitambaa laini, na ile ya kupuliza kama tairi niliazimwa nikaijaribu nikiwa nimekaa nae pale pale. Ya tairi kwa mguu wa nyuma haifai, mbwa mwenye pua ndefu anajikunja na kufika kwenye kifundo bila taabu, hiyo waachieni wenye jeraha la kifuani au mgongoni. Ya kitambaa inakunjika akiisukumia sakafuni na inalowa maji anapokunywa. Ya plastiki ndo ya kweli, iwe imepita ncha ya pua kwa sentimita kadhaa, na shingoni upitishe vidole viwili. Chagua inayoonyesha, sio ile nyeupe isiyopitisha mwanga, akiona pembeni hagongi gongi vitu sana. Bakuli nikaliinua juu ya kitu na nikatumia jembamba kuliko koni, akaweza kula bila kuvuliwa. Nyota 4, moja naitoa kwa sababu kingo zake zilimchuna shingo mpaka nikazizungushia pamba na plasta.

BANDEJI na kifuniko chake. Hii inategemea umevunjika wapi. Sisi tulifungiwa ile nene ya pamba nyingi inayoitwa Robert Jones, jina la daktari wa mifupa Mwingereza mzaliwa wa Wales wa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mpwa wa mke wa yule Hugh Owen Thomas aliyebuni gango la paja, mbwa wetu wanatumia vitu vya wazee hao mpaka leo. Inafaa kwa muundi na kushuka chini. Kwa paja haifai hata kidogo, bandeji inaishia chini ya palipovunjika halafu uzito wake unaning'inia na kuvuta mfupa, kwa hiyo usimfunge mwenyewe nyumbani kwa kubahatisha.

Kifuniko cha mvua cha dukani nilinunua, kizuri, kina soli ya mpira, ila jasho linajaa ndani kikikaa muda. Kilichonishangaza ni mhudumu wa kliniki alivyochukua mfuko wa dripu uliokwisha, akaukata juu, akautoboa matundu mawili akapitisha kamba, akamvalisha. Plastiki yake nene haitoboki na kucha na haipitishi maji kabisa. Unafanya kazi sawa na wa kununua. Chochote utakachotumia kivue mkirudi ndani, kisikae zaidi ya nusu saa hivi, bandeji ikipata unyevu ngozi inaoza chini yake na wewe huoni.

Vidole viwili vya katikati huwa vinaachwa vimechungulia, na sio kwa urembo. Kila asubuhi na jioni viangalie na uviguse. Kucha za vidole hivyo viwili zikae karibu na sambamba, zikianza kutengana maana yake kidole kinavimba, bandeji imebana. Vikiwa vya baridi, au kuna harufu mbaya, au ameanza ghafla kuitafuna bandeji wakati jana alikuwa hana shida nayo, usisubiri kesho, piga simu. Mbwa hana njia nyingine ya kukwambia kwamba kinamuuma mle ndani.

Dawa sitazipa nyota, mimi sio daktari. Tulipewa meloxicam ya maji, ya maumivu, inapimwa kwa bomba lake kulingana na kilo, baada ya chakula. Kama anatapika, anakataa kula au kinyesi kimekuwa cheusi kama lami, simamisha na mpigie daktari. Na jamani dawa za maumivu za binadamu, ibuprofen, diclofenac, msimpe, hata kidogo, hata akilia, tumbo na figo za mbwa haziwezi, na paracetamol nayo usithubutu kumkisia mwenyewe. Jingine ambalo watu wengi hawalijui, akiandikiwa gabapentin, nayo ya maumivu, kama ni ya maji ya binadamu usimpe kabla hujasoma lebo, baadhi zimetiwa xylitol kuwa tamu na hiyo ni sumu kwa mbwa. Halafu asipopata choo kubwa siku mbili tatu za mwanzo usipanike, dawa ya usingizi na zile kali za maumivu zinafunga tumbo.

MIKEKA YA MPIRA. Nilipanga njia moja tu, kizimba mpaka mlango wa nje. Ya mpira yenye mashimo mashimo, mizito. Mazulia madogo yasiyo na mpira chini ni mtego, yanateleza yenyewe na mbwa juu yake, bora sakafu tupu kuliko hayo. Nikampunguza na nywele za katikati ya nyayo, hizo zikiwa ndefu anakuwa kama amevaa soksi. Nyota 5, na bado sijaitoa.

PAKITI YA BARAFU ya jeli. Siku mbili tatu za mwanzo, imefungwa kwa taulo, dakika 10 mpaka 15, mara tatu nne kwa siku, ilimradi daktari karuhusu na bandeji imeshatoka au iko mbali na uvimbe. Bosco alikuwa anaegemea kabisa. Ya kufunga kwa velkro ni rahisi kidogo kuliko ya kushikilia ila sio lazima, nyota 3. Baadaye uvimbe ukiisha joto la kitambaa vuguvugu kabla ya mazoezi ndo linasaidia.

Vya kumshughulisha akili. Hapa ndo wiki ya nne inashindwa au inapita. Mkeka wa kulamba, ule wa mpira wenye vijistari unapaka chakula laini, ni dhahabu, kulamba kunamtuliza na anaweza kufanya akiwa amelala, ila na koni hafiki, kwa hiyo ni wakati umekaa nae pembeni umeivua na macho yako yako kwenye mguu. Bakuli la fumbo analotoa chembe moja moja nalo zuri, chakula chake chote nilikuwa nakipitishia humo badala ya kumwagia kwenye sahani kikaisha kwa dakika moja. Midoli ya kupiga kelele iweke kabatini. Na kama mbwa wako ni wa kuchacharika kupita kiasi usijitese, mwambie daktari, kuna za kutuliza kama trazodone wanaziandika kwa ajili ya kipindi hiki hasa, sio aibu na sio kumlewesha, ni kuilinda pleti.

Chakula kipunguzwe, muulize daktari kwa kiasi gani, hatembei kwa hiyo hatumii, na kila kilo atakayoongeza inakaa juu ya mguu huo huo. Unga wa kalisi, ule unaouzwa eti unaharakisha mfupa, usinunue. Kama anakula chakula kilichokamilika kalisi anayo ya kutosha, na kwa watoto wa mbwa wa aina kubwa ikizidi inaharibu ukuaji wa mifupa. Hiki ndo kitu pekee ninachokipa nyota sifuri humu. Rampu ya kupandia gari ni nzuri kama una mbwa usiyeweza kumbeba, kwa kilo 24 tulikuwa tunambeba watu wawili, sikuihitaji.

FIZIOTHERAPIA. Hii ni huduma sio kifaa lakini lazima niiseme, ilinisaidia kuliko nilivyotegemea. Mtaalamu kwanza alimpima paja kwa tepu, kulia na kushoto, na tofauti ilikuwa kubwa, wakati mimi kwa macho niliona mguu uko sawa tu. Akanifundisha kukunja na kukunjua, mbwa amelala ubavu, mkono mmoja juu ya goti mwingine chini, kifundo peke yake, goti peke yake, mara 10 mpaka 15 kila kiungo, mara mbili tatu kwa siku, unaishia pale anapokaza au anapogeuka kukuangalia, hulazimishi. Viungo vikikaa bila kukunjwa vinakakamaa, na kwa mbwa wadogo kiumri waliovunjika paja karibu na goti misuli ya mbele inaweza kugandana na mfupa, mguu ukabaki umenyooka kama fimbo na kuurudisha ni kazi ngumu sana. Kwa hao naomba fiziotherapia isiwe ya hiari.

Jeraha lilipofunga kabisa akaingizwa kwenye ile mashine ya kutembea ndani ya maji. Maji yanambeba sehemu ya uzito, lakini mguu lazima ufanye kazi, hawezi kuukunja akaruka kama nchi kavu, yale maji yanamkatalia. Nilikaa mbele ya kioo nikaona mguu wa kushoto unaenda mbele, unakanyaga, unasukuma, unaenda mbele, hatua baada ya hatua bila kuruka hata moja, na ilikuwa mara ya kwanza tangu avunjike. Machozi yalinitoka mbele ya watu na sikujali. Vipindi havikuwa vingi na mazoezi ya nyumbani ndo yaliyobeba kazi kubwa, kwa hiyo kama mashine hiyo huna karibu usikate tamaa, kutembea pole pole na kamba fupi, dakika tano, wiki inayofuata ongeza kidogo, kunafika pale pale kwa muda mrefu zaidi. Nyota 5.

Kliniki nayo niipe haki yake. Walitupa namba ya kupiga hata usiku, na kila nikituma picha ya mshono nilijibiwa na mtu aliyemjua Bosco kwa jina, sio jibu la kunakili. Ukiwa unachagua pa kufanyia upasuaji uliza hilo kabla hujauliza kingine: baada ya kumchukua nitamuuliza nani saa nne usiku? Na uliza eksirei za kufuatilia zimo kwenye malipo au la, maana ya wiki ya 6 mpaka ya 8 sio ya kuruka hata kama anatembea vizuri, kutembea vizuri hakuonyeshi kama mfupa umeunga. Ya kwetu ilionyesha ukungu mweupe umezunguka vile vipande, vingine huwezi tena kuvitofautisha, na daktari bado akasema kizimba kiendelee mpaka ya pili, na kilikaa pale pale sebuleni. Baada ya ya pili ndo mlango ukaanza kuachwa wazi, matembezi yakarefushwa, kamba ikabaki. Pleti ipo mpaka leo, haitolewi kama haileti shida.

Saizi kwa wanaotaka kuagiza ule mkanda: mpime akiwa amesimama, kiuno mbele ya mapaja na mzunguko wa paja juu kabisa, pima paja la mguu MZIMA kwa sababu lililovunjika limevimba sasa na baadaye litasinyaa. Kama yuko katikati ya saizi mbili chukua kubwa, velkro inavutika. Mi naufua kwa mkono maji baridi, unakauka usiku mmoja kama umeutundika penye upepo, lakini ule wa manyoya ndani unachukua siku mbili na utaachwa bila mkanda, kwa hiyo chukua wa kitambaa chepesi.